Mifuko ya Hewa katika Magari ya Haibridi Yaliyotumika: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Pwani ya Mtwara

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Msimu wa korosho unapofungwa na malipo ya minada kuwafikia wakulima, biashara ya magari yaliyotumika huchangamka katika Manispaa ya Mtwara na katika miji ya Masasi, Newala na Tandahimba. Kwa miaka mingi mnunuzi wa mikoa ya kusini alitafuta kwanza gari la kubebea mzigo na la kuhimili barabara ya vumbi. Siku hizi mnunuzi huyo anatazama pia magari madogo ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme: Toyota Prius, Toyota Aqua, Honda Fit na mengine ya jamii hiyo. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Safari ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 550, na anayeisafiri mara kwa mara huhesabu kila lita ya mafuta.

Mnunuzi wa gari la namna hiyo huuliza maswali mengi yenye busara. Huuliza kuhusu uhai wa betri kubwa, kilomita ambazo gari limetembea, upatikanaji wa spea na bei ya bima. Swali moja husahaulika mara nyingi: je, mifuko ya hewa ya gari hilo, ambayo mafundi wengi huita eabegi, ni mizima, na je, mtengenezaji amewahi kuitangaza kuwa ina kasoro?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Msimbati na Ruvula hadi kwenye maingilio ya Mto Ruvuma. Joto, unyevu wa bahari na umri wa gari ni mambo matatu ambayo uchunguzi uliofanyika katika mataifa mengine umeyataja kuwa chanzo cha hitilafu kubwa kuliko zote zilizowahi kugunduliwa katika mifuko ya hewa. Mambo hayo yote matatu hukutana Mtwara.

Jinsi mfuko wa hewa unavyofanya kazi

Gari linapogonga, sensa zilizofungwa mbele na ubavuni hutuma taarifa kwenye kompyuta ya mfumo, ambayo kwa kawaida hukaa katikati ya gari, chini ya dashibodi. Kompyuta hiyo hupambanua kama mshtuko ni wa mgongano au ni wa shimo la barabarani. Ikithibitisha kuwa ni mgongano, hupeleka umeme mdogo kwenye kiwashio. Kiwashio huchoma kemikali iliyomo ndani ya kimtungi cha chuma. Gesi huzalishwa na kuujaza mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya usukani, dashibodi, kiti au ukingo wa paa. Kazi hiyo yote hukamilika katika takriban sehemu 30 hadi 50 za elfu moja za sekunde, muda ambao hautoshi hata kupepesa jicho. Mara baada ya kupokea uzito wa mtu, mfuko huanza kunywea kupitia matundu yake ili usimkandamize.

Ina maana kwamba ndani ya usukani kumehifadhiwa mlipuko mdogo, uliopimwa kwa uangalifu, ambao unaweza kusubiri miaka 15 au 20 bila kuitwa, na siku ukiitwa unatakiwa kutokea kwa nguvu ileile iliyokusudiwa na mhandisi. Nguvu ikipungua, mfuko hautamkinga mtu. Ikizidi, kimtungi chenyewe kinaweza kupasuka na vipande vya chuma kupenya kitambaa na kumfikia dereva usoni, shingoni au kifuani.

Kasoro ya kampuni ya Takata

Hilo la pili ndilo lililotokea katika magari yaliyofungwa vimtungi vya kampuni ya Takata ya Japani. Kampuni hiyo ilitumia kemikali ya amonia naitreti kuzalisha gesi. Kemikali hiyo hudhoofika inapopata unyevu na inapopitia joto na baridi kwa kupokezana kwa miaka mingi. Vidonge vyake hubadilika umbile, na vinapowashwa huungua kwa kasi kuliko ilivyopangwa. Shinikizo hupanda ghafla, na kimtungi kilichokusudiwa kutoa gesi hugeuka kuwa chanzo cha vipande vya chuma.

Honda ilianza kuyaita magari machache kwa ajili ya kasoro hiyo mwaka 2008. Kadiri miaka ilivyopita idadi ilikua hadi kuwa wito mkubwa kuliko wote katika historia ya sekta ya magari. Nchini Marekani peke yake vimtungi vipatavyo milioni 67 viliingizwa katika orodha ya kubadilishwa, na hadi mwaka 2024 mamlaka za nchi hiyo zilikuwa zimethibitisha vifo 28 na majeruhi zaidi ya 400. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, na Juni mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mali zake nyingi zilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka uliofuata. Vimtungi vyake, hata hivyo, vimebaki ndani ya magari yanayoendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono duniani kote.

Jambo linalopaswa kumgusa msomaji wa Mtwara ni namna mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilivyopanga zoezi la kubadilisha vimtungi hivyo. Nchi iligawanywa katika kanda tatu kwa kuzingatia hali ya hewa. Katika kanda yenye joto na unyevu mwingi, ikiwamo Florida, Hawaii na Puerto Rico, wataalamu walikadiria kuwa vimtungi visivyo na kemikali ya kunyonya unyevu vinaweza kufikia hali ya hatari ndani ya miaka 6 hadi 9. Katika kanda ya kati makadirio yalikuwa miaka 10 hadi 15, na katika kanda ya baridi miaka 15 hadi 20. Kwa baadhi ya magari ya Honda ya miaka ya 2001 hadi 2003, vipimo vya maabara vilivyotangazwa mwaka 2016 vilionesha kuwa uwezekano wa kimtungi kupasuka mfuko unapofumuka ulifikia hadi asilimia 50, na wamiliki wake walitakiwa kuacha kuyaendesha hadi yatakapotengenezwa.

Uzoefu wa nchi nyingine za joto unafanana na huo. Nchini Malaysia, mwaka 2014, mwanamke mjamzito alifariki dunia katika mgongano wa mwendo mdogo ambao kwa kawaida haukupaswa kumwua mtu. Ufaransa imeshuhudia sehemu kubwa ya vifo vyake katika maeneo yake ya ng'ambo yenye joto na unyevu, ikiwamo Reunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilipanua amri ya kusimamisha mara moja magari yenye vimtungi hivyo.

Mtwara haina kipimo cha aina hiyo kilichofanywa kwa magari yake, lakini hali yake ya hewa inajulikana. Mvua za msimu mmoja huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo joto la mchana huambatana na unyevu mkubwa wa bahari. Dashibodi ya gari lililoachwa juani na vioo vikiwa vimefungwa inaweza kupata joto linalopita nyuzi 70 za Selsiasi, kisha ikapoa usiku. Mzunguko huo hujirudia kila siku. Gari lililokaa miaka 10 katika mji wa baridi wa Japani likaletwa pwani linaanza maisha ya aina nyingine kabisa.

Ni vema kueleza hapa, ili kuepusha taharuki, kwamba magari yenye vimtungi vya Takata ni sehemu tu ya magari yote. Mifuko ya hewa iliyo mizima imeokoa maisha ya watu wengi mno, na hakuna sababu ya mwenye gari kuingoa au kuizima kwa hofu. Kinachotakiwa ni kujua gari lake liko upande gani.

Haibridi zina habari yake

Baadhi ya magari ya haibridi yamo moja kwa moja katika orodha ya Takata, yakiwamo matoleo ya Honda Insight, Honda CR-Z na Honda Civic ya haibridi. Yapo pia magari ya petroli yanayofahamika sana katika barabara za Tanzania, kama baadhi ya matoleo ya Toyota Corolla, Vitz na RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Impreza.

Prius ina kisa chake tofauti. Juni 2016 Toyota ilitangaza wito wa magari milioni 1.43 duniani, ya Prius na Lexus CT200h yaliyotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Aprili 2012. Tatizo lilikuwa kwenye mifuko ya pazia, ile inayoshuka kutoka ukingo wa paa kulinda kichwa. Kimtungi chake kina vyumba viwili vilivyounganishwa kwa kuchomelewa, na baadhi ya vimtungi vilikuwa na ufa mdogo kwenye sehemu hiyo. Ufa ukikua, vyumba vinaweza kuachana na mfuko ukajaa nusu, hata gari likiwa limeegeshwa bila mtu. Dawa yake ilikuwa kufunga vishikizi vya kuzuia kipande kilichoachana kisiingie ndani ya gari. Prius za miaka hiyo, zenye namba ya chesisi inayoanza na ZVW30, ndizo zinazopatikana kwa wingi katika soko la magari yaliyotumika.

Mwaka 2020 Toyota iliita magari yapatayo milioni 3.4, ikiwamo Avalon ya haibridi, kwa sababu kompyuta ya mifuko ya hewa ilionekana kuweza kuathiriwa na mtikisiko wa umeme wakati wa ajali na kushindwa kutoa amri. Desemba 2023 yakafuata magari milioni 1.12 ya miaka ya 2020 hadi 2022, yakiwamo RAV4 na Camry za haibridi, safari hii kwa ajili ya sensa ya kiti cha abiria wa mbele. Haya ya mwisho yaliuzwa zaidi Marekani.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika gari la haibridi mfumo wa mifuko ya hewa haulindi tu kifua cha dereva. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina takriban volti 200, ya Aqua volti 144, na umeme huo unaweza kupandishwa hadi volti 500 au zaidi kabla ya kufika kwenye mota. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 230. Magari hayo yamebuniwa ili mifuko ya hewa inapofumuka, relei kuu zikatike na umeme mkubwa ubaki ndani ya betri, usiendelee kupita katika nyaya za rangi ya chungwa zilizolazwa chini ya gari. Mtu aliyechezea nyaya za mfumo wa mifuko ya hewa ili kuficha hitilafu huenda amelipunguzia gari hata kinga hiyo, na anayeweza kuumia ni msamaria mwema anayekuja kumtoa majeruhi.

Kwa nini wito haumfikii mmiliki wa Mtwara

Mtengenezaji anapogundua kasoro, hutuma barua kwa mmiliki aliyesajiliwa. Kwa gari lililouzwa Japani barua hiyo huenda kwenye anwani ya Japani. Tangu Mei 2018 mamlaka za nchi hiyo ziliacha kuyapa cheti cha ukaguzi magari yenye vimtungi hatarishi vya Takata ambavyo havijabadilishwa, hatua ambayo imesafisha sehemu kubwa ya magari yaliyobaki barabarani huko. Lakini gari linapofutiwa usajili na kuuzwa nje, uzi unaoliunganisha na mtengenezaji hukatika. Mnunuzi wa tatu au wa nne, aliyeko Nanyamba au Kitaya, hana barua yoyote. Ana kadi ya gari tu.

Bahati nzuri kadi hiyo inatosha. Ina namba ya chesisi, na kwa magari ya Japani namba hiyo huwa na herufi na tarakimu chache za kutambulisha modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Tovuti za Japani za Toyota, Honda, Nissan na watengenezaji wengine zina ukurasa ambapo mtu yeyote huingiza namba hiyo bila malipo na kuoneshwa kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kurasa hizo zimeandikwa kwa Kijapani, ila simu za kisasa zina uwezo wa kutafsiri. Kijana mmoja mwenye intaneti anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache kwa niaba ya jirani zake. Mnunuzi makini huifanya kabla ya kulipa, na muuzaji mwaminifu hatakataa kutoa namba ya chesisi. Wito ukionekana, majibu yachapishwe na kupelekwa kwa wakala rasmi wa chapa husika nchini, ambaye ndiye mwenye mawasiliano na kiwanda.

Upande wa mamlaka, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye dhamana ya ubora wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi hukagua magari yaliyoko barabarani. Tume ya Ushindani (FCC), kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji, na mwananchi aliyeuziwa gari kwa maelezo ya uongo ana haki ya kufikisha malalamiko yake huko. Hata hivyo ni lazima ieleweke kuwa hakuna mkaguzi, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuona kwa macho kemikali iliyopata unyevu ndani ya kimtungi kilichofungwa. Breki hupimwa, taa huwashwa, tairi hutazamwa. Kimtungi hujulikana kwa historia yake peke yake, na ndiyo sababu namba ya chesisi ina thamani kubwa kuliko maneno ya dalali.

Taa nyekundu na ujanja wa gereji

Kila gari lenye mifuko ya hewa lina taa ya tahadhari kwenye dashibodi, yenye mchoro wa mtu aliyekaa mbele ya duara au yenye herufi SRS. Ufunguo unapofunguliwa, au kitufe cha gari la haibridi kinapobonyezwa mara mbili bila kukanyaga breki, taa hiyo inatakiwa kuwaka kwa takriban sekunde 6 kisha kuzimika. Ikiendelea kuwaka, mfumo umegundua hitilafu, na mara nyingi mifuko yote haitafanya kazi. Hilo wengi wanalifahamu.

Lisilofahamika na wengi ni hali ya tatu, ya taa kutowaka kabisa. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu balbu haipotei yenyewe. Ama imetolewa, ama imefunikwa kwa utepe mweusi, ama waya wake umeunganishwa na waya wa taa nyingine ili zizimike pamoja. Wapo pia wanaofunga kipande kidogo cha ukinzani wa umeme mahali pa mfuko uliokwisha kufumuka, kompyuta ikadhani mfuko upo. Gari lililopata ajali likafumua mifuko yake hupakwa rangi, hufungwa kifuniko kipya cha usukani, na huuzwa likiwa halina kitu ndani. Mnunuzi atazame kama kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria vina rangi na mikunjo inayolingana na sehemu nyingine, na kama mikanda inarudi kwa kasi inapoachiwa. Mkanda uliokaza na kukwama baada ya ajali ni shahidi asiyenunulika.

Si kila taa inayowaka ina maana ya hatari kubwa au gharama kubwa. Hitilafu ya kawaida katika magari yenye umri ni kukatika kwa kebo iliyojiviringisha chini ya usukani, inayopeleka umeme kwenye mfuko wa dereva. Kebo hiyo hubeba pia umeme wa honi na vitufe vya usukani. Honi ikinyamaza wakati uleule taa ya mifuko ya hewa ilipowaka, fundi aanzie hapo. Aprili 2014 Toyota iliita mamilioni ya magari duniani, na kebo hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa wakazi wa pwani kuna chanzo kingine. Nyaya za mifuko ya hewa hutambulika kwa soketi zake za rangi ya njano, na baadhi yake hupita chini ya viti vya mbele. Huko ndiko maji ya kuoshea gari hutuama, na huko ndiko mchanga na chumvi huingia kwa miguu ya abiria waliotoka ufukweni. Desturi ya kuendesha magari juu ya mchanga wa Msimbati, na wakati mwingine kuyaingiza kwenye maji ili kupiga picha, ina gharama ambazo hazionekani siku hiyo. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo ufukwe wenyewe una haki ya kuachwa salama. Chumvi ikishika soketi, kutu huanza, na taa huwaka miezi kadhaa baadaye, wakati mwenye gari amekwisha kusahau safari ile. Kwa haibridi kuna ziada: tundu la kupoozea betri kubwa lipo karibu na kiti cha nyuma, na mchanga ukiliziba, betri hupata joto na uhai wake hupungua.

Fundi na chuma chakavu

Fundi anayefungua usukani au kiti anapaswa kwanza kuzima gari, kuuweka mbali ufunguo wake wa kielektroniki, kufungua waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, ambayo katika Prius ipo nyuma kwenye buti, kisha kusubiri angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa uishe. Kiwashio kisipimwe kwa mita ya kawaida, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kukiwasha. Mfuko uliotolewa uwekwe kifuniko chake kikitazama juu. Aliyeuweka ukitazama chini amejitengenezea kombora. Nyaya za rangi ya chungwa ziachwe kwa mwenye mafunzo na glavu maalumu. Umeme wake unaweza kudumu hadi dakika 10 baada ya gari kuzimwa.

Kununua mfuko wa hewa wa mtumba uliotolewa kwenye gari lililokatwa ni kununua umri na historia isiyojulikana, na kuna uwezekano wa kununua kimtungi kilekile ambacho mtengenezaji ameagiza kiondolewe. Ni afadhali gari likae bila mfuko kwa muda, mwenye gari akijua hivyo na akifunga mkanda, kuliko kufungwa kifaa cha namna hiyo.

Hatari hiyo haiishii gereji. Biashara ya chuma chakavu imewapa kipato vijana wengi wa mjini na vijijini, na gari la haibridi lililochoka litawafikia nao. Kimtungi ambacho hakijafumuka kisigongwe kwa nyundo, kisikatwe kwa gesi na kisitupwe motoni. Vijana hao mara nyingi hawajui walichokishika, na ni wajibu wa anayewauzia kuwaambia.

Ndani ya gari kila siku

Mfuko wa hewa ulibuniwa kusaidiana na mkanda. Mtu asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana na mfuko ukiwa katika nguvu yake kubwa kuliko zote. Dereva akae umbali usiopungua sentimita 25 kutoka katikati ya usukani hadi kifuani. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele kwa hali yoyote, hata kwa safari fupi ya kutoka Ligula kwenda sokoni. Mfuko unaomwokoa mtu mzima unaweza kumwua mtoto. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa ulio hai.

Yapo pia mapambo. Zulia la dashibodi, linalopendwa sana ili kuzuia jua lisipasue plastiki, likiwa limefunika mahali mfuko wa abiria unapotokea linaweza kuuzuia au kurushwa pamoja nao. Chupa za manukato na sanamu zilizobandikwa hapo huwa risasi. Makava mazito ya viti, yale yanayoshonwa kubana kiti chote, huziba mifuko ya ubavu inayotokea pembeni mwa mgongo wa kiti. Fundi cherehani aelekezwe kuacha upande huo wazi, au makava yaondolewe.

Ajali ikitokea, namba ya dharura ya Polisi ni 112 na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga simu aeleze mapema kuwa gari ni la haibridi, na aseme kama mifuko ya hewa imefumuka au la, kwa kuwa mfuko ambao haujafumuka unaweza kufumuka wakati mwokoaji ameinama juu ya usukani. Ukimya wa injini usichukuliwe kuwa dalili kwamba gari limezimika. Kama neno READY bado linawaka kwenye dashibodi, gari liko hai na linaweza kusogea. Kitufe kibonyezwe hadi neno hilo lipotee, ndipo majeruhi ahudumiwe.